Koti la Mbaraka Yuma

Siku meli ya Ponthierville ilipofika Kindu, bandari haikuwa na mahali pa kutia mguu. Wachukuzi walipigiana kelele, akina mama wa Alunguli, ng'ambo ya mto, walitandaza ndizi na samaki wakavu hadi njiani, na askari walisukuma watu kwa fimbo bila kuchagua. Katikati ya purukushani hiyo alikuwa Aziza binti Bulaimu, fundi wa cherehani, amevaa blauzi ya libaya ya zambarau na kitenge cha maua ya njano, kichwani amebeba majora mawili ya kitambaa aliyotumwa na Mgiriki mwenye duka. Mtu akamkumba. Jora moja likachomoka na kubiringika kuelekea majini.

Mkono ukalidaka likiwa ukingoni.

"Pole, mama," mwenye mkono akasema. "Lualaba haina mwili wa kuvaa kitenge. Wewe njo uko nao."

Aziza akamtazama tangu viatu mpaka nywele. Kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi barabara, kalamu mbili mfukoni, na tabasamu la mtu anayejijua.

"Asante. Wewe njo karani wa wapi, karani bila koti?"

"Wa simu, kule stesheni. Koti langu liko kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Bado ninamutafuta. Lazima akuwe mwanamuke, tena mwenye ulimi mukali."

Aziza alicheka kabla hajajizuia. "Basi umemupata. Lakini sishonee muntu asiye na jina."

"Abedi."

Alirudi dukani na majora yake mawili, na jina hilo likamsumbua mchana kutwa.

Duka la Mgiriki lilikuwa na simu ukutani, na Aziza alishonea barazani, hatua chache kutoka kwenye simu hiyo. Haikupita juma, ikaanza kulia kila adhuhuri.

"Aziza!" Mgiriki aliita, huku akizungusha macho. "Njo ule mteja wako. Anapenda vitenge kuliko bibi yangu!"

"Alo?" sauti ilisema. "Ninauliza kama vitenge vimefika."

"Vimefika, monsieur. Unataka vya maua ama vya ndege?"

"Ninataka fundi yake."

"Fundi haiuzwe."

"Basi nitamuomba kwa baba yake."

"Nyamaza, wewe! Waya iko na masikio."

"Masikio ya waya njo yangu, mupenzi. Mimi njo ninaunganisha."

Wakacheka wote wawili. Lakini Aziza hakuwa akitania kabisa, maana mwaka ule Kindu ilikuwa imejaa masikio. Miezi michache kabla, Mbaraka Yuma, karani wa zamani wa reli aliyekuwa ameanza kusema hadharani kwamba nchi hii ina wenyewe, aliuawa jioni karibu na bandari. Serikali ya Wabelgiji ilitangaza kuwa wezi walimchoma kisu kifuani. Maiti ilitoka hospitalini imefungwa shuka, nguo zake zikiwa bado mwilini, na amri ikaja izikwe kabla ya adhuhuri. Aliyeiosha alikuwa Mzee Bulaimu, baba yake Aziza, mwosha maiti wa msikiti. Alirudi nyumbani siku ile, akanawa, akaswali, na hakugusa chakula. Tangu hapo watu hawakumtaja Mbaraka kwa jina. Walisema "yule wa bandarini" na kutazama nyuma yao.

Kumbe Abedi alikuwa akimtaja kila Jumapili. Alimwambia Aziza mwenyewe, walipokuwa wakitembea kando ya mto.

"Tunakutana kwa mwalimu Édouard. Watu wanazani tunacheza karata. Tuko watatu: Édouard, mimi na Masudi muchukuzi. Tunajiuliza: ilikuwa kisu ama risasi? Kama ni risasi, basi si mwizi. Mwizi gani wa Kindu iko na bastola?"

Aziza alitazama nyuma kwanza. "Abedi, watu wamepelekwa mbali na kwao juu ya maneno madogo kuliko hayo. Na hawajarudi."

"Najua." Akasita. "Baba yako njo alimuosha, si vile?"

"Baba hasemi. Mwosha maiti akitoa nje alichokiona, ni sawa amemuvua marehemu nguo mbele ya watu."

"Basi sitauliza tena."

Na kweli hakuuliza. Ila swali lile lilimkaa Aziza kooni kama mwiba wa samaki.

Mapenzi hayana adabu, yalimfanya asahau. Baba yake alipokwenda Kibombo kwenye matanga ya ndugu, Aziza alifungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Kwa desturi, nguo za marehemu humwendea aliyemwosha, naye huzitoa sadaka kwa wenye shida. Sanduku halikukosa suruali ya huyu na kanzu ya yule, na Aziza hakuziogopa; amekua nazo. Chini kabisa akakuta koti la kahawia la kitambaa kizuri, linanuka sabuni. Mgongoni, chini kidogo ya bega, palikuwa na tundu dogo la duara, kingo zimeungua.

Aziza akasonya. "Mwanamuke gani huyu, anapiga pasi bila kukung'uta makaa?"

Kila fundi wa Kindu analijua tundu hilo. Cheche ikiruka kutoka kwenye pasi ya makaa, nguo ya mtu imekwisha. Basi akachomoa nyuzi kwenye pindo la ndani, akaliziba tundu uzi kwa uzi mpaka yeye mwenyewe akapata shida kuliona. Sadaka ni sadaka, alijiambia, na Abedi hana koti.

"Limekukaa!" alimwambia alipompa. "Ni la marehemu mumoja, umuombee dua. Sasa uko karani kamili."

"Sasa niko bwana arusi," Abedi alijibu, akajigeuza kama tausi mpaka Aziza akamfinya.

Jumapili iliyofuata Abedi akamwalika kwa Édouard, ili rafiki zake wamwone huyo fundi wanayemsikia kila siku. Aziza alitangulia, akaketi uani na Adèle, mke wa mwalimu, wakichambua mchele. Mlango ulikuwa wazi na ubishi wa wanaume ulisikika wote.

"Mimi nilikuwa pale!" Masudi alisema. "Nilisikia pa! Kisha honi ya meli."

"Ulisikia honi," Édouard akajibu, "na kichwa chako kikaongeza ile pa ulipofika nyumbani."

"Mwalimu, nimebeba mizigo, sijabeba uongo. Na kama ni kisu, juu ya nini walitufungia maiti ndani ya shuka? Wanaficha nini?"

"Sijue. Wewe haujue. Njo maana tuko hapa."

Abedi akaingia wakati huo, kifua mbele, amevaa koti lake. Masudi akasimama. Karata zikamtoka mikononi.

"Ile koti," akasema taratibu. "Umelitoa wapi?"

"Kwa nini?"

"Kifungo cha kati ni cha shaba, cha nguo za reli. Mimi njo nilimupa Mbaraka, chake kilipopotea. Alikuwa analivaa siku ile."

Uani, Aziza aliacha kuchambua.

"Umelitoa wapi, Abedi?" Édouard akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya rafiki.

"Sokoni."

Hakugeuza macho kuelekea mlangoni, na Aziza alielewa kwamba anajizuia kwa makusudi. Édouard akamvua koti, akalitandaza mezani. Akapapasa kifua, upande huu na upande ule. Kilikuwa kizima.

"Walisema kisu cha kifua. Kisu kilipita wapi?"

Masudi akaligeuza. Kidole chake kikatambaa mgongoni, kikasimama. "Hapa palikuwa na kitundu. Cha duara. Kuna mukono wa fundi hapa."

Yale hayakuwa makaa ya pasi. Ungo ukamwanguka Aziza, mchele ukatawanyika uwanja mzima, naye akatoka mbio. Abedi alimfikia nyuma ya nyumba.

"Aziza! Lilitoka wapi lile koti?"

"Unaniuliza mimi? Bandarini, neno lako la kwanza lilikuwa koti! 'Koti langu liko kwa fundi.' Kumbe ulijua liko kwetu!"

"Wallahi sikujua!"

"Ulinitafuta mimi, Abedi, ama ulitafuta sanduku la baba?"

Abedi alifungua kinywa, na hofu ikamfunga. Alichelewa kujibu pumzi moja tu, lakini kwa mwanamke anayetetemeka pumzi moja ni jibu tosha. Aziza akaenda zake huku akilia waziwazi barabarani.

Kesho yake gari jeusi lilisimama mbele ya duka. Akashuka Mzungu wa serikali, wa kaptura nyeupe, na mkalimani wake, mtoto wa Kindu mwenye miwani. Huenda Édouard alimwuliza fundi mmoja ni nani aliyeliziba lile tundu, naye akamwuliza mwingine. Midomo ya mji haina kitasa.

"Bwana anauliza," mkalimani akamwambia Mgiriki, "ni nani hapa anaweza kuziba tundu la koti lisionekane?"

Mgiriki akatazama dari. "Hapa tunashona mapazia tu."

Aziza hakuinua kichwa. Alikanyaga cherehani bila kuacha, na gari lilipokwisha kuondoka ndipo alipoona kwamba sindano haikuwa na uzi. Jasho lilikuwa limeloanisha libaya yake mgongoni, mahali palepale pa lile tundu. Hakuwahi kuogopa namna ile maishani mwake.

Simu ikalia.

"Alo? Ninauliza kama vitenge vimefika."

Alitaka kukata, mkono ukakataa. "Vimekwisha, monsieur."

"Sikia, mama. Nimerudisha mzigo kwenu. Édouard alinililia nimuachie, nimekataa. Uchome ama ufumue, ni shauri yako. Mimi sitauliza kitu tena." Sauti ikapasuka. "Nilikutafuta wewe."

Waya ukanyamaza. Aziza akaomba ruhusa, akaenda nyumbani karibu anakimbia, na kumkuta baba yake amerudi kutoka Kibombo, ameketi kitandani na koti juu ya magoti.

"Nani ameziba hapa?" Mzee Bulaimu aliuliza.

"Ni mimi, baba. Nilizani ni makaa ya pasi."

Mzee akafumba macho. "Nimefunga mudomo juu ya mwili wa Mbaraka, na utabaki umefungwa mpaka na mimi wanilaze juu ya ubao. Lakini koti si mwili, mwanangu. Njo maana sikulitoa sadaka. Nililisuza damu tu, nikaliweka, ili siku moja liseme lenyewe."

"Tukilichoma, baba, tutakuwa salama."

"Ndiyo. Tutakuwa salama."

Aziza alitamani baba amwamuru, maana kuamriwa ni rahisi. Alimfikiria mjane wa Mbaraka, aliyekaa eda yake akiambiwa kwamba mume wake aliuliwa na wezi. Akamfikiria Abedi, aliyekuwa na jibu la Jumapili zake zote mikononi, akalirudisha. Kisha akachukua wembe, akasogea dirishani, akaanza kufumua. Aliogopa kila uzi aliokata. Tundu likafunguka tena, duara, jeusi kingoni.

Alasiri Abedi alisimama mlangoni, shati limechafuka, macho mekundu.

"Wameniita muchana huu," akasema. "Wameuliza nani ameshona. Nimesema sijue. Wanataka nirudi kesho."

"Wakikuita kesho hautarudi," Aziza akasema. "Rafiki zako wanasema tufanye nini?"

"Masudi anasema kule Stanleyville kuna avoka, rafiki ya Mbaraka, anaweza kulisemea hili koti mbele ya hakimu. Meli inashuka kesho asubuhi. Mimi niko na ruhusa ya reli, inapita hata kwa meli, ya karani na muke wake." Akamtazama. "Muchumba haiandikwe mule."

Mzee Bulaimu akakohoa. "Kijana. Umekuja hapa kuomba koti ama kuomba mutoto?"

"Mutoto, mzee. Koti likibaki hapa, mimi bado nimepiga magoti."

Na kweli alikuwa amepiga magoti, sijui tangu lini. Aziza akalia na kucheka kwa pamoja. "Wewe, simama, utachafua suruali. Sina wakati wa kuifua."

Waliozwa baada ya magharibi mbele ya majirani wachache, bila ngoma. Na kwa kuwa bibi arusi wa kwao haondoki bila mto wa kulalia alioushona mwenyewe, Aziza alishona mto: mweupe, wenye maua mekundu pembeni, ndani pamba, na ndani ya pamba koti.

Asubuhi bandari ilijaa kama siku ile ya kwanza. Masudi alibeba sanduku lao bila kuwatazama usoni. Penye ngazi ya meli alisimama yule mkalimani wa miwani pamoja na askari wawili. Akapekua sanduku, nguo kwa nguo. Kisha akanyoosha mkono, akaubonyeza mto.

"Iko na nini ndani?"

Aziza akaona vidole vile vikizama kwenye pamba, vikielekea kwenye kifungo.

"Wee!" Sauti ya Adèle ikapasua nyuma yao. Mke wa mwalimu alikuja na kikapu chake cha mihogo, mikono kiunoni. "Unashika muto wa bibi arusi mbele ya bwana yake? Mama yako hakukufunza haya? Watu, mumeona?"

Akina mama wa Alunguli waliona, na wakapiga yowe. Mmoja alimwita mkalimani kwa jina la utotoni, mwingine akamwuliza kama anataka kuulalia pia. Kicheko kikapanda mpaka kwenye meli. Mkalimani alikuwa mtoto wa Kindu. Alijua fika kwamba mto huo haushikwi na mwanamume mwingine. Akarudisha mkono upesi na kufuta miwani yake.

"Pita," akasema.

Meli ilipong'oa nanga, honi ililia ndefu juu ya Lualaba. Abedi alishtuka mwili mzima. Aziza aliwatazama watu wa bandarini, na akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: wote walikuwa wamenyamaza, wamegeuza vichwa, wanasikiliza kama chini ya honi kuna mlio mwingine. Masudi alikuwa ameweka mkono kifuani.

"Umeogopa?" Aziza akauliza.

"Ndiyo."

"Mimi pia. Lala kidogo."

Akaweka mto mapajani, Abedi akalaza kichwa. Baada ya muda akajigeuza.

"Kifungo kinaniumiza sikio."

"Vumilia, mume wangu," Aziza akamwambia, akimpapasa nywele. "Hatusafiri wawili."