Pindo la Shuka Nyeupe

Jioni ile, nikijiandaa kujifunza kushona, nilibakiza kitu kimoja tu. Kopo langu la biskuti lilikuwa tayari na sindano, pini, chaki, uzi mweusi na mweupe, futi ya kupimia na mkasi mpya. Dada yangu, fundi cherehani wa mlango wa pili, ndiye aliyenitajia vifaa vyote, akaongeza na amri. "Shuka ya mtumba, fumua mapindo yote kabla hujakata. Usiniulize kwa nini."

Mimi na amri hatupikiki chungu kimoja.

Kilichobaki kilikuwa kitambaa. Cha dukani sikukiweza, nikaenda mtumbani, maana shuka moja kubwa hutoa gauni la mtoto na foronya juu. Wauzaji walikuwa wanafunga mizigo. Mwisho wa safu, mama mmoja aliyejiziba mdomo kwa mtandio alibakiwa na shuka moja. Nyeupe, pamba tupu, nzito. Ilinuka maziwa yaliyochacha.

"Ana miaka mingapi?" alininong'oneza.

"Sita," nikajibu, nikalipa bei ya kutupa, nikaondoka nikijisifu. Nilifika nyumbani ndipo nikakumbuka… sikuwa nimemwambia kuwa nina mtoto.

Nikajiambia ni mambo ya wafanyabiashara.

Kesho yake nikakata. Pindo la shuka lilikuwa limeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo, na ndani yake mlikuwa na vinundu. Kufumua na kupinda upya ni kujitafutia kazi. Nikalipanga gauni ili pindo la shuka liwe ndilo pindo la gauni. Uvivu wa wanaojifunza, nao niliuona ujanja.

Saa kumi na mbili jioni nikamvisha kitinda mimba wangu. Akazunguka, akacheka. Kisha akashika paja.

"Mama, linanibana."

Tk… tk… tk…

Ilikuwa sauti ya sindano ikitoboa nguo iliyokazwa. Nikavuta gauni, akapiga yowe. Niliinama nikaona uzi mweupe ukiingia kwenye paja lake na kutoka, ukiingia na kutoka. Hakukuwa na sindano. Hakukuwa na mkono.

Nikachukua mkasi.

Nisikilize vizuri, mzazi mwenzangu. Nilimkata mwanangu. Kati ya nguo na ngozi hapakuwa na nafasi hata ya ukucha, kwa hiyo nilikata vyote pamoja, damu ikanirukia usoni, naye ananiita mama, mama, na mimi nakata. Nikikata mshono mmoja, mwingine unatokea juu yake. Kiunoni. Mbavuni. Ukaanza kupanda shingoni.

Dada aliingia mbio, akamkandamiza mtoto sakafuni kwa magoti.

"Kata pindo," akasema. "Achana na mengine."

Nilizungusha mkasi mapajani pande zote. Pindo likapasuka, meno yakamwagika sakafuni. Meno ya utotoni, saba, yakiwa na nyama mbichi kwenye mizizi.

Gauni likalegea.

Dada hakungoja. Alikusanya meno, gauni na masalio ya shuka, akavitia kwenye jiko, akamwagia mafuta ya taa. Moshi ulinuka nyama.

Zahanatini, muuguzi alimshona mwanangu huku akiniuliza nani kamfanyia hivi. Mimi, nikamjibu. Nilipombana dada, alisema tu kwamba zamani fundi aliyemfundisha kazi aliikataa shuka ya namna ile. Jirani wa fundi huyo akaichukua, na wiki ile ile akazika mtoto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu langu zima. Aliyeumia ni mwanangu, na hilo linanitafuna.

Siku ya nne, nikimbadilishia bandeji, akanitazama.

"Mama, mimi ulinikata nikatoka."

"Ndiyo, mwanangu. Umepona."

"Wale watoto saba wa pindoni walikuwa wanakuita pia. Walitaka uwakate." Akageukia ukutani. "Mbona mliwachoma?"