Fimbo Haigomi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kibiriti alipitia stesheni kumpelekea mama yake chupa ya chai. Jina hilo alipewa na mjomba wake siku alipomrukia mvulana aliyemzidi kimo kwa sababu ya kifutio, na tangu hapo likamganda. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, mwenye miguu myembamba na hasira za karibu.

Mama yake alikuwa mshika fimbo. Usicheke, hakuwa akimchapa mtu. Kutoka stesheni yao mpaka stesheni ya mlimani reli ilikuwa moja tu, na treni mbili zikikutana humo hakuna ya kuipisha nyingine. Basi wajenzi wa zamani walitengeneza fimbo ya chuma, ndefu kama mkono wa mtu mzima, yenye mpini wa ngozi. Ilikuwa moja tu. Dereva asiyekuwa nayo haingii katika njia ile, hata kama anawahi harusi yake mwenyewe. Kila asubuhi mama aliitoa katika chumba cha fimbo, akasimama ukingoni mwa jukwaa, akamnyooshea dereva dirishani.

"Umeipokea?" mama huuliza.

"Nimeipokea, dada," hujibu dereva, ambaye ndiye mjomba wa Kibiriti. "Na chai je? Au chai ni ya wenye fimbo tu?"

"Chai ni ya wanaofika kwa wakati."

Abiria hucheka, honi hulia, treni huondoka. Kibiriti naye hukimbilia shule, akiwa na hakika kwamba mama yake ndiye anayeiruhusu dunia izunguke.

Lakini mwaka huo treni ilianza tabia mbaya. Breki zilikuwa zimelika, na siku moja iliipita stesheni kwa urefu wa mabehewa mawili, kama mlevi aliyepitiliza nyumba yake. Abiria wakashukia kwenye matope. Wafanyakazi wakaomba breki mpya. Makao makuu yakaleta fedha za matengenezo. Meneja akanunua rangi.

Ndiyo, rangi. Buluu nje, njano madirishani. "Mageuzi huanza na sura," alisema, na tangu siku hiyo wafanyakazi wakamwita Bwana Rangi, ingawa si mbele yake. Kisha akatoa la pili: walinzi wa vivuko, wale wanaofunga mageti mahali barabara inapokatiza reli, wangeachishwa kazi wote. "Watu wana macho," alisema. "Watatazama wenyewe."

"Treni haina breki, na kivuko hakitakuwa na mlinzi," mjomba alisema. "Kilichobaki ni kuwagawia abiria sanda za buluu, zifanane na mabehewa."

Hakuna aliyecheka. Wakagoma. Madai yao yalikuwa mawili tu: breki zinunuliwe, na walinzi wabaki.

Siku ya kuanza mgomo, mama aliitundika fimbo kwenye kulabu yake ukutani, mbele ya wenzake wote. Chumba kile hakikuwahi kufungwa kwa ufunguo tangu kijengwe, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuiba fimbo ya njia. Ni sawa na kuiba kina cha kisima.

"Kwa nini usiende nayo nyumbani, mama?" Kibiriti aliuliza. "Bila fimbo hawawezi kufanya lolote."

"Fimbo haigomi, mwanangu. Mikono ni yetu, tunaweza kuikunja. Fimbo ni ya roho za watu. Tukiigusa, sisi na Bwana Rangi tutakuwa watoto wa baba mmoja."

Kibiriti aliitikia kwa kichwa. Kichwa kilisikia, moyo ulikuwa umeziba masikio.

Mgomo ukaendelea. Reli ikaanza kushika kutu, na wagomaji walishinda wameketi kando ya ghala la mizigo, wakicheza bao na kutaniana ili wasisikie njaa. Shuleni Kibiriti aliketi dawati moja na Msumari, mvulana mwembamba ambaye baba yake alikuwa mlinzi wa kivuko kilicho karibu na shule. Adhuhuri moja Msumari alikuwa amenuna.

"Mama yako na mjomba wako wanaota jua tu," alisema. "Kesho Bwana Rangi analeta dereva mstaafu. Treni itaondoka, na nyinyi mtaipungia mkono."

"Nani kakwambia?"

"Nimemsikia baba. Na ikiondoka kesho, keshokutwa baba yangu hana kazi. Nyinyi kwenu ni maneno tu. Kwenu kilicholika ni breki, kwetu ni kazi."

"Haitaondoka!"

"Utaizuia wewe? Kwa kifutio?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kibiriti hakihitaji kupigwa mara mbili.

Ambalo Msumari hakulisikia, na Kibiriti hakuambiwa, ni kwamba asubuhi hiyo hiyo ya kesho ofisa wa makao makuu angekuja kutia sahihi. Madai yote mawili yalikuwa yamekubaliwa. Wakubwa walikaa kimya kwa sababu, kama alivyosema mjomba, mdomo wa mtoto ni kama treni yao: kuuwasha rahisi, kuusimamisha kazi.

Baada ya masomo Kibiriti alikwenda stesheni. Askari wa getini alimfahamu tangu anabebwa mgongoni. "Umefuata chupa ya mama? Pita, binti wa mshika fimbo," alisema, akarudia usingizi wake. Kibiriti akaingia chumbani. Fimbo ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na baridi. Akaiviringisha ndani ya sweta ya shule, akaikumbatia kama mtoto mchanga, akatoka. Nyumbani aliisukuma chini kabisa ya rundo la kuni, nyuma ya jiko.

Jioni ile mama alikuwa mchangamfu kupita kawaida. Aliosha vyombo huku akiimba.

"Kesho mambo yatanyooka," alisema.

Kibiriti akatabasamu, akijiona jemadari. Moyoni alisema, mama hajui tu jinsi yatakavyonyooka.

Asubuhi alipofika na chai, jukwaa lilikuwa limejaa watu. Palikuwa na meza, na nyuma yake ameketi ofisa wa makao makuu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, kalamu imekwisha funguliwa. Bwana Rangi alisimama kando na dereva mstaafu, mzee aliyemleta ili kumwonyesha mgeni kwamba hata bila wagomaji kazi inakwenda.

"Niko tayari," alisema mzee. "Fimbo iko wapi?"

Bwana Rangi akaingia chumbani kwa mbwembwe. Alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu, lakini uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeokota pochi. Nusura acheze.

"Mheshimiwa, umeona mwenyewe? Hawa ndio wanaolilia usalama! Wameuiba usalama wenyewe, wameutia kwapani!"

Ofisa akaifunika kalamu yake. "Nani aliishika mwisho?"

Macho yote yakamwendea mama.

"Niliitundika mbele yao," mama alisema. "Waulize."

Walikuwepo wote siku ile. Lakini mtu akiogopa, macho yake husahau. Mmoja alikohoa, mwingine akatazama viatu vyake, na fundi wa injini akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Sisi tulitangulia kutoka." Mjomba alimsogelea mama.

"Dada," alisema polepole, "kama uliichukua kwa nia njema, sema tu. Tutajua la kufanya."

Mama alimgeukia. "Hata wewe?" alisema. "Tumenyonya ziwa moja, hata wewe?"

Askari wawili wakaanza kusogea. Kibiriti alihisi chupa ya chai ikimteleza mikononi. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa akimtazama. Angeweza kuirudisha fimbo baadaye kwa siri, ionekane ilianguka nyuma ya kabati. Wazo lilikuwa tamu. Kisha akaona mkono wa askari ukimshika mama yake juu ya kiwiko.

"Ni mimi," alisema. Hakuna aliyegeuka. Akajipenyeza mbele. "Ni mimi niliyeichukua! Mwacheni! Iko nyumbani, chini ya kuni zetu!"

"Chini ya kuni za nani?" Bwana Rangi alidakia. "Mmesikia? Nyumbani kwake! Mtoto ametumwa!"

Hapo ndipo Kibiriti alipoelewa kwamba alikuwa ametega mtego, na mtego ule ulikuwa na ukubwa wa mama yake hasa.

Alifuatana na askari mpaka nyumbani, akarudi na fimbo imejaa vumbi la magome. Mama aliipokea, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akaitundika kwenye kulabu.

"Nani alikutuma?" ofisa aliuliza.

"Hakuna."

"Si mama yako?"

"Mama aliniambia fimbo haigomi. Nilimsikia. Sikumtii."

Ofisa akavua miwani. Alimtazama Kibiriti, akamtazama mama, kisha akayatazama magurudumu ya treni ile ya buluu. "Nakuamini," alisema. "Lakini."

Na hiyo "lakini" ndiyo iliyokula kila kitu.

Breki zilikubaliwa, maana kulika kwake kulionekana hata bila miwani. Dai la walinzi wa vivuko likakatwa kwa mstari mmoja wa kalamu. "Watu walioshindwa kulinda fimbo moja," alisema ofisa, "hawawezi kunifundisha nani alinde vivuko." Kabla ya hapo angetia sahihi yote mawili. Mama hakupelekwa polisi, lakini aliondolewa kwenye chumba cha fimbo kwa kukiacha wazi, ingawa kila aliyemtangulia alikiacha wazi vilevile. Alipewa fagio. Mjomba alitia sahihi kwa niaba ya wenzake kama mtu anayemeza dawa chungu bila maji. Bwana Rangi akabaki na cheo chake, na makopo mawili ya rangi yaliyosalia.

Kesho yake Msumari alihamisha vitabu vyake kwenda dawati la nyuma. Kibiriti alimfuata.

"Sikujua," alisema. "Nilitaka kumsaidia baba yako."

Msumari hakuinua macho. "Ulisema haitaondoka, na kweli haikuondoka," alijibu. "Hongera."

Breki mpya zilifika, mafundi wakazifunga, na siku ya safari ya kwanza Kibiriti alikwenda stesheni na chai kama zamani. Mama alikuwa jukwaani, fagio mkononi. Treni ilitokea kwenye kona, ikapunguza mwendo, ikasimama pale pale kwenye alama, bila kupitiliza hata shubiri. Abiria walipiga makofi. Mjomba aliteremka, lakini hakupiga hatua nyingi.

"Dada," alisema, "nisamehe. Siku ile nilikutilia shaka mbele za watu."

"Leo umefika kwa wakati," mama alisema, akammiminia chai. "Siku ile ulichelewa. Kunywa, itapoa."

Alikunywa akiwa amesimama, kichwa chini, akarudi kwenye injini. Kijana mgeni, aliyepewa kazi ya mama, akamnyooshea fimbo. Kibiriti aligeuza uso asione.

"Mama, lakini nilisema ukweli," alisema.

"Ulisema. Ndiyo maana nimeshika fagio, sikushika nondo za mahabusu, na nakushukuru kwa hilo." Mama akaliegemeza fagio ukutani, akainama mpaka macho yao yakawa sawa. "Nisikilize vizuri, Kibiriti. Mbele ya Bwana Rangi tulikuwa maskini wa kila kitu. Cheo hatuna, ofisi hatuna. Tulikuwa na kitu kimoja ambacho yeye hakuwa nacho: mikono safi. Uliichukua fimbo ukidhani umemnyang'anya yeye. Ulitunyang'anya sisi, ukampa yeye. Mtu anayedai haki haruhusiwi kuiba hata mara moja. Anayedaiwa ndiye anayesubiri hiyo mara moja. Na ukweli uliochelewa ni kama treni iliyochelewa. Hufika, mwanangu. Ila si wote waliokuwa wakiungoja utawakuta."

Kibiriti aliichukua chupa ya chai, akaifunga kifuniko.

"Sasa nenda," mama alisema, akilichukua tena fagio lake. "Watoto wa madarasa ya chini wanaingia shule saa hii, na treni itapita kivuko cha shule. Geti halina mtu."

Kibiriti alikimbia njia ya mkato kando ya ghala, akafika akihema. Watoto wadogo walikuwa wakija mbio na mikoba yao, wakisukumana. Upande mmoja wa reli Msumari alikuwa amekwisha simama, mikono ameitandaza kama geti, mahali pale pale alipokuwa akisimama baba yake. Alimwona Kibiriti. Hakumwamkia, wala hakumfukuza.

Kibiriti akavuka, akasimama upande wa pili, akatandaza mikono yake. Honi ililia. Treni ikapita katikati yao, buluu na njano, polepole, behewa moja baada ya jingine.