Mwalimu, Niegeshe?

Siku ile ilianza vizuri tu. Mvua ilikuwa imekatika, chai ilikuwa ya moto, nami nilikuwa mezani kwangu, ofisini kwetu kwenye kampuni ya malori, nikisubiri kikao cha kuchunguza ajali kianze. Mimi ni karani. Nawasha kinasa sauti, watu wanasema, kisha nachapa waliyosema. Umbeya wa kulipwa, shemeji alikuwa akinitania.

Shemeji huyo, mume wa dada yangu, ndiye aliyekuwa shahidi. Dereva mkongwe, kazi yake kuwafundisha wageni. Sheria inasema mwanafunzi akishika usukani, mwalimu akae kando yake, macho kodo. Lakini kwetu walimu walikuwa wanapanda kile kitanda cha nyuma ya viti, wanauchapa usingizi, kisha wanasaini kwamba walikaa mbele. Sote tulijua. Fomu zenyewe nilikuwa nazipokea mimi.

Wiki mbili kabla, lori la shemeji na mwanafunzi wake lilitumbukia korongoni kwenye mvua kubwa. Kijana alifia kwenye usukani, mkanda umemkaza. Shemeji alitoka na mchubuko wa kiwiko.

Mama wa marehemu alikuja kikaoni, mkoba mapajani. Kama mwalimu alikuwa amelala, kampuni inawajibika. Kama kijana alikaidi, lawama yote ni yake, na mama anarudi nyumbani na jina la mwana mkaidi.

"Ulikuwa wapi?" wakili wa kampuni akauliza.

"Kando yake," shemeji akajibu. "Nilimwambia aegeshe, akakataa."

Mama yule hakulia. Alimtazama tu. "Mwanangu hakuwa hivyo, baba," akasema. Kikao kikaisha.

Mchana nikaweka visikilizio masikioni ili nichape. Swali la wakili lilisikika. Jibu halikusikika. Badala yake, mvua. Waipa zinakwaruza kioo. Mtu anakoroma, na mkoromo ule naujua, umelala mara nyingi sebuleni kwangu. Kisha kijana, kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, sioni barabara. Niegeshe?"

Mkoromo.

"Mwalimu?"

Halafu shemeji, kwa usingizi mzito: "Twende bwana. Mvua gani hiyo ya kukusimamisha?"

Nikavivua. Nje jua lilikuwa linawaka.

Ningeweza kukimbia na kile kinasa hadi kituo cha basi, nimkute yule mama. Nikamfikiria dada na wanawe watatu. Damu nzito kuliko maji, nikajiambia. Nikafuta. Nikachapa jibu la uongo kama lilivyosemwa kikaoni, neno kwa neno, bila kosa hata moja. Mungu anisamehe.

Jioni dada akapiga simu. "Njoo umwone shemeji yako."

Nilimkuta kifua wazi. Alama nyeusi, upana wa vidole vitatu, ilianzia begani ikakata kifua hadi kiunoni. Alama ya mkanda. Na siku ya ajali hakuwa amefunga mkanda wowote, maana kitandani hakuna mkanda.

"Unabana," akaninong'oneza. "Mvua ikinyesha, unabana."

Daktari hakuona cha kutibu. Msimu ule wote wa mvua alipumua kwa kudra tu. Ikanyesha ya mwisho, hakupumua tena. Tulimzika. Dada hajui nilichofuta mpaka leo.

Leo asubuhi mawingu yametanda. Nilikuwa naoga. Nikaiona kwangu. Begani. Vidole vitatu.

Sikungoja hata kujifuta maji. Nikampigia yule mama, nikamweleza yote: kitanda, kinasa, nilivyofuta, kwamba mwanawe aliomba kuegesha na mtu akamjibu usingizini. Nililia kama mtoto. Ila alama sikuitaja. Ningeanzia wapi?

Alinisikiliza hadi mwisho. Matone ya kwanza yakaanza kupiga bati.

Kisha akauliza, polepole, kama mzazi anayeulizia homa:

"Mkanda bado uko begani, mwanangu, au umeshashuka kifuani?"