Mkia wa Somo la Thelathini na Moja

"Haya, mpaka hapo kuna mwenye swali?"

Martina aliifunga kompyuta kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayefunika chungu kinachofoka. Ofisi nzima ya walimu ikageuka kumtazama. Sauti ile ilikuwa ya Eustace, na Eustace hakuwa Kihonda, hakuwa mjini Morogoro, hakuwa popote ambapo simu ingemfikia. Ulikuwa mwezi wa saba tangu aondoke.

"We Tina, umeona nyoka?" aliuliza Semeni, mwalimu wa Baiolojia, mkono umejaa karanga.

"Nimesikia sauti yake."

"Ya nani? Ala! Ya yule?" Semeni akasogeza kiti. "Kazi hiyo kakupa nani?"

"Mkuu."

"Mkuu naye! Shule nzima kakuona wewe tu?"

Asubuhi ile Mwalimu Mwinjuma, mkuu wa shule, alikuwa ameweka flashi juu ya meza ya Martina. Ndani yake mlikuwa na masomo thelathini na moja ya Fizikia ya kidato cha nne. Kabla ya kuondoka, Eustace alikuwa akirekodi skrini ya kompyuta yake huku akieleza. Tangu aondoke hapakuletwa mwalimu mwingine wa Fizikia, na mtihani wa taifa ulikuwa Novemba. Tatizo lilikuwa moja. Eustace alikuwa msahaulifu. Alimaliza somo, akainuka, na kurekodi kukaendelea robo saa, nusu saa, skrini imetulia. Video zikawa na mikia mirefu, hazikuenea kwenye kompyuta kongwe za maabara.

"Ikate mikia yote," Mkuu alikuwa amesema. "Hela ya programu hatuna. Tafuta ya bure."

Martina alikuwa mwalimu wa Jiografia, mtu wa sauti ndogo, asiyejua kukataa. Alichukua flashi.

Barua ya posa ya Eustace ilikuwa imeshapokelewa nyumbani kwa kina Martina, Gairo. Halafu Februari, bila ugomvi, ikaingia meseji: "Usinisubiri. Nimepata mwingine. Usinitafute." Siku hiyohiyo alichukua likizo na namba yake ikawa haipatikani. Kilichomuuma zaidi Martina ni maneno yake mwenyewe. Siku moja, wakitoka kwaya, alijikaza akamwambia: "Mimi nilikupenda kwa masikio kabla ya macho." Sasa masikio hayohayo yalikuwa yanamwadhibu.

Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita, mkia hata mmoja haujakatwa. Programu ya kwanza ilikata vizuri, lakini ikapiga chapa yake kubwa katikati ya mchoro wa lenzi. Ya pili ilitaka namba ya kadi ya benki kwanza. Ya tatu iliipandisha kompyuta joto mpaka feni ikalia kama mbu, halafu kila kitu kikazimika.

Jumamosi mchana, chumbani kwake, simu ikaita. Mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wale wageni wa Charles wanakuja kesho na barua yao ya posa. Niwajibuje?"

"Mama, sijajua."

"Utajua lini? Yule wa milimani kakuacha. Aliyekuacha si wa kungojewa, mwanangu. Usiku uwe umeshanipigia."

Nje ukungu ulikuwa umeimeza Uluguru yote, mji umebaki kama hauna mlima. Martina alifungua somo la kwanza. Alipomaliza kuangalia, aliiachia video iendelee huku ameinamisha kichwa mezani.

"Nitakukata na nini, Eustace?" alinong'ona.

Kompyuta ikajibu.

"Shotcut," ilisema sauti ya Eustace. "Ya bure, na haina chapa. Hata ile kompyuta ya Tina itaibeba."

Martina alikamata kipanya. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Ilikuwa ni mkia. Eustace alikuwa amemaliza kufundisha, anajisemea mwenyewe huku akipanga kazi ya kesho, asijue kwamba bado anarekodi. Hata hivyo Martina aliinuka akafungua mlango, kuhakikisha kwamba barazani hakuna mtu.

Aliipakua programu. Kweli ilikuwa ya bure, kweli haikuwa na chapa. Unaburuta video, unasimamisha mstari pale unapotaka, unabonyeza S, inakatika. Sauti yenyewe ilionekana kwa macho: mtu akiongea, mawimbi yanapanda na kushuka, akinyamaza, mstari mnyoofu kama wa mgonjwa aliyekata roho.

Akawa anakata. Lakini kila mkia aliukusanya pembeni, hakuweza kuutupa. Mmoja ulikuwa na Eustace akiimba sauti ya pili ya kwaya. Katika mwingine alikuwa akifukuza kuku. "We kuku wa Semeni, leo utakuwa supu!" Martina akacheka peke yake, kisha akafuta macho.

Kufika somo la ishirini, aligundua kitu. Mawimbi yalikuwa yanapungua. Sauti ilikuwa na mikwaruzo. Somo la ishirini na sita Eustace alikohoa mara kumi na tatu, na la thelathini alikuwa ananong'ona. "Samahanini vijana, mafua haya." Mafua ya miezi miwili?

Somo la thelathini na moja lilikuwa na mkia wa dakika kumi na nne. Mstari ulikuwa mnyoofu, kisha katikati ukafanya vilima vidogo. Martina akavaa spika za masikioni.

Simu iliita. Kisha mnong'ono wa Eustace:

"Ndiyo, daktari, majibu nimeyaona... Koo lote?... Hapana, nauliza sauti. Sauti itabaki?... Hata kidogo?... Daktari, mimi ni mwalimu."

Halafu skrini, iliyokuwa imetulia na mchoro wa transfoma, ikabadilika. WhatsApp ikafunguka. Jina lililokuwa juu lilikuwa la kwake: Tina.

Herufi zikaanza kujiandika zenyewe.

"Martina mpenzi, leo daktari ameniambia"

Zikarudi nyuma moja moja mpaka zikaisha.

"Tina, wataikata sauti yangu, yote, mwezi ujao nitakuwa"

Zikafutika.

"Ulisema ulinipenda kwa masikio"

Zikafutika haraka, kama zimeungua. Kishale kikabaki kinapepesa mahali patupu, dakika nzima. Kisha, bila kusita tena: "Usinisubiri. Nimepata mwingine. Usinitafute." Ikatumwa.

Tiki mbili. Zikageuka bluu palepale.

Martina alijiona anasoma. Februari ile, sokoni, nyanya mkononi. Na juu ya skrini, chini ya jina lake, yakatokea maneno: anaandika... Yakakaa, yakapotea. Yakatokea tena, yakapotea. Alikumbuka alichokuwa akiandika. "Niambie ni uongo." Alikifuta kwa kiburi, na upande wa pili Eustace alikuwa amekaa anaangalia maneno yale yakizaliwa na kufa. Kwenye spika palisikika kitu kama mtu anayelia bila sauti, kisha video ikakatika.

Alimpigia Mkuu.

"Mwalimu Mwinjuma, ulijua?"

Mkuu alishusha pumzi. "Mimi ndiye niliyesaini likizo ya ugonjwa. Aliniapisha nisikwambie."

"Na ukakubali!"

"Mdomo wangu uliapa, Martina. Flashi haikuapa."

"Yuko hai?"

"Alifanyiwa upasuaji Dar, Machi. Yuko kwa mama yake, Nyandira, kule milimani."

Kisha akampigia mama yake.

"Mama, wageni wasije. Mimi bado nina barua ambayo haijajibiwa."

Jumapili asubuhi alikodi pikipiki kituo cha Sangasanga, wakapanda kona baada ya kona ndani ya ukungu. Wakati mwingine dereva alipiga honi, na ng'ambo ya bonde honi nyingine ikajibu, wala hapakuwa na gari.

Mama Magreth, mama yake Eustace, alikuwa kwenye matuta ya njegere, kanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni Martina." Hakuwa anauliza. "Picha yako iko ndani. Ameigeuzia ukutani."

"Kwa nini mama?"

"Anasema inamwangalia akila." Akaelekeza kwa kidole chenye udongo. "Yuko nyuma ya nyumba. Usimwonee huruma usoni, anachukia. Na usilie kwanza. Mimi nimeshalia kwa niaba yetu sote."

Eustace alikuwa amekaa kwenye kigogo, kitambaa cheupe shingoni, amekonda. Alipomwona alisimama, akafungua mdomo. Hapakutoka neno. Ilitoka hewa tu, chini ya kidevu, kwenye tundu la upasuaji nyuma ya kitambaa. Mlio kama wa mlango unaofunguliwa polepole.

Alitoa simu, akaandika, akamwonyesha: "Nani amekwambia?"

"Wewe mwenyewe. Somo la thelathini na moja. Hukuzima."

Eustace alifumba macho. Kisha akaanza kuandika, akafuta, akaandika, akafuta. Martina alimshika mkono.

"Usifute! Nimechoka kusoma makombo. Nipe vyote."

Eustace akarudi kwenye simu. "Ulinipenda kwa masikio," aliandika. "Nimekupotezea kitu ulichokipenda. Niliona bora unichukie."

"Na nimekuchukia! Miezi saba nimemtukana mwanamke asiyekuwepo. Mpaka jina nimempa!"

"Jina gani?"

"Brenda."

Mabega ya Eustace yakaanza kuruka. Martina alidhani analia, kumbe anacheka, cheko lisilo na mlio hata kidogo, na machozi yakaja nyuma yake. Martina naye akashindwa kushika agizo la Mama Magreth.

"Mimi nilikuandikia 'Niambie ni uongo,'" alisema alipotulia. "Nikafuta. Kwa hiyo tuko wawili."

"Niliona unaandika," aliandika Eustace. "Nilingoja mpaka betri ikaisha."

Martina alifungua kompyuta, akamvika spika masikioni. Mikia yote alikuwa ameiunganisha kuwa video moja. Zilikuwa nyimbo, kikohozi, kuku, Tina hapa na Tina pale. Eustace alisikiliza ameinama. Midomo yake ikaanza kufuata maneno, ikachelewa kidogo, kama mtu anayemfuata mwenzake gizani kwa kushika shati. Ilipofika kwenye wimbo wa kwaya alivua spika.

"Huyo amekufa," aliandika.

"Basi tutamkumbuka wote wawili. Lakini kidato cha nne wana mada moja imebaki, na mwalimu wao ninamwona hapa."

Eustace aliichukua simu tena. Hakufuta chochote. Aliandika: "Kichwa bado kipo, somo nitaliandka. Utanisomea?" Alikuwa amekosea herufi, akaacha hivyohivyo.

Wiki mbili baadaye, kidato cha nne walijazana maabara, somo la thelathini na mbili likimulikwa ukutani. Mada ilikuwa matetemeko ya ardhi. Michoro na maandishi yalikuwa ya Eustace, sauti ya Martina, ndogo lakini haikukwama, labda kwa sababu tabaka za miamba zilikuwa pia za Jiografia. Somo likaisha. Video ikaendelea.

"Tina!" Semeni alikurupuka kutoka nyuma. "Mmesahau kukata mkia!"

Ukutani kishale kilikuwa kinapepesa. Herufi zikaanza kujiandika.

"Daktari hatoi ahadi ya miaka. Sauti hairudi. Nina pumzi tu. Utakubali kuolewa na mtu wa pumzi tu?"

Sauti ya Martina ikajibu kwenye spika: "Nakubali. Usifute."

Darasa lililipuka. Madawati yakapigwa, mtu akapiga kigelegele, Mwalimu Mwinjuma mlangoni akajifanya anasafisha miwani. Semeni aliikimbilia kompyuta, macho yamemlowa.

"Niikate?"

"Iache," alisema Martina.

Alisogea akaweka sikio karibu na spika. Chini ya kelele zote ilikuwepo, ikipanda na kushuka, ile hewa inayopita nyuma ya kitambaa cheupe. Aliwapungia wanafunzi mkono wanyamaze, akaiacha video iende mpaka mwisho wake.