Nani Alimfuta Mpiga Picha wa Harusi Yangu?

"Dada, mbona mimi niliambiwa harusi yako imevunjika?"

Maneno hayo niliyasikia kwenye simu, nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa ninakofanya kazi. Mkono mmoja simu, mkono mwingine chupa ya dawa ya kikohozi ya mteja.

"Imevunjika?! Nani kasema?"

"Mtu wa kwenu."

"Wa kwetu nani?"

"Dada, nisamehe. Muulize mtu wa kwenu. Mimi ile tarehe nimeshachukua kazi nyingine."

Akakata!

Mzee mwenye kikohozi chake akainama kwenye kaunta, akaninong'oneza kwa huruma kabisa:

"Binti... imevunjika?"

"Haijavunjika, mzee!"

"Basi nipe dawa yangu."

Jamani, nyie mnaosoma hapa, kama hujawahi kutafuta mpiga picha wa harusi msimu wa harusi, kaa kimya kwanza nikueleze.

Huyo aliyenikatia simu tunamwita Jicho. Ni kijana mdogo tu, lakini picha zake, hata mtu aliyekuja harusini na madeni yake anaonekana ana furaha. Kumpata si mchezo. Mimi nilimwahi kabla sijapata hata ukumbi. Mchumba wangu, ambaye kwa upole wake tunamwita Mpole, alinicheka, eti nimemtafuta mpiga picha kabla sijamtafuta bwana harusi.

Sasa zimebaki wiki tatu, na kuna mtu wa nyumbani kwetu amempigia Jicho akamwambia hakuna harusi!

Siku ile sikukaa chini. Kila mteja akitoka, napiga simu.

"Nimejaa, dada."

"Nimejaa mpaka mwakani."

"Ungehamisha tarehe labda?"

Nihamishe tarehe! Kadi zimeshasambaa mji mzima!

Mmoja akasema ana nafasi. Nikaruka nikaenda kwake jioni hiyohiyo. Kumbe kazi yake ni picha za pasipoti. Alinikalisha kwenye kigoda, akanishika kichwa akakinyoosha, akasema, "Masikio yaonekane. Usicheke."

Mwingine akanionyesha kazi zake. Maharusi wote sura moja! Kawalainisha mpaka pua zimepotea. Nikamwuliza, "Hawa ni ndugu?" Akanuna.

Mpole akaniambia, "Mpenzi, si kila mtu ana simu? Watatupiga tu."

Nilimtazama mpaka akaenda kunywa maji.

Nikaja kwa mama. Mama alikuwa jikoni. Nikamwambia yote, nalia, makamasi yananitoka.

Hakugeuka. Alikuwa anaosha masufuria ambayo mimi mwenyewe niliyaosha asubuhi.

"Labda ni heri," akasema.

"Heri gani, mama?!"

"Picha si ndoa, mwanangu. Oleweni tu."

Nikaona mama naye hanielewi. Baba ndiye angenielewa, lakini alikuwa safarini. Siku hizi baba alikuwa safarini sana. Kazi.

Usingizi ukanipaa. Natembea chumbani, nakaa, nasimama. Mtu wa kwetu... Nani?

Jina likaja lenyewe.

Wifi!

Dada yake Mpole. Huyu binti tangu siku ya kwanza hatukuiva. Alikuwa na rafiki yake aliyetaka aolewe na kaka yake, na hakuficha. Siku ya kunitambulisha aliniangalia juu mpaka chini akasema, "Aha. Ndiye huyu?" Nyie! Kuna "ndiye huyu" ya salamu na kuna ya kuulizia mzigo.

Lakini sikuwa na ushahidi. Nikajikaza.

Ushahidi ulijileta Jumamosi.

Tulikuwa na kikao cha harusi pale nyumbani, mchana kweupe. Mimi, wifi, mama wadogo wawili, na mama anazunguka na sinia la chai. Tunapanga nani akae wapi. Simu ya wifi iko mezani, karibu na kiwiko changu.

Ikawaka.

Nikasoma jina.

JICHO.

Wifi akaidaka kama mtu aliyeona nyoka, akailaza kifudifudi.

Damu ilinichemka!

"Mbona hupokei?"

"Nitampigia baadaye."

"Utampigia nani baadaye?"

"Wifi, tuendelee na kikao..."

"Kikao cha harusi gani? Si ulimwambia imevunjika?!"

Mama mdogo akaacha kikombe hewani.

"Unasema nini?" wifi akauliza.

"Ni wewe uliyemfuta mpiga picha wangu! Umenichukia tangu siku ya kwanza. Basi toka! Toka nyumbani kwetu, na harusini usije!"

Wifi alisimama. Nilidhani atanipiga kibao. Hakunipiga. Alichukua simu, akabonyeza, akaweka sauti wote tusikie.

"Jicho, niko na bibi harusi hapa. Mwambie mimi nakutafutia nini."

"Dada, si nimekwambia hilo jambo..."

"Mwambie!"

Sauti ya Jicho ikatoka taratibu. "Wifi yako ananibembeleza wiki nzima nirudi kwenye harusi yako. Amekwenda mpaka kwa yule bibi harusi mwingine kumwomba. Yule amekubali, maana harusi yake ni jioni. Asubuhi naweza kuja kwako."

"Sasa mwambie nani alikufuta," wifi akasema. Machozi yanamshuka lakini sauti imenyooka. "Mimi hutaki kuniambia. Mwambie yeye."

"Jicho, sema!" nikapiga kelele.

"Mama yako."

Nyuma yangu sinia likaanguka.

Chai sakafuni, vikombe vipande vipande, na mama amesimama katikati, mikono bado imekunjwa kama ameshika sinia.

"Zima hiyo simu," akasema polepole. Kisha akaniangalia. "Njoo chumbani."

Nilimfuata. Akafunga mlango. Akakaa kwenye kitanda chao, upande wa baba.

"Ulikuwa kazini siku Jicho alipokuja kuangalia vyumba," akaanza. "Anataka kujua mwanga unaingilia wapi, utavalia wapi gauni. Nikampa maji. Kijana mzuri, mchangamfu. Akafika sebuleni, akasimama mbele ya ile picha yetu ukutani. Akacheka. Akasema, 'Mama, huyu mzee namjua! Alinisumbua kweli, hataki kucheka. Ni kaka yako?'"

Nikakaa kando yake.

"Nikamuuliza, ulimpiga wapi? Akasema, 'Harusini kwake. Mwaka jana tu.'"

"Mama..."

"Nikamwambia utakuwa umemfananisha. Maskini, hakujua. Akatoa simu anionyeshe. Kavaa suti ya kijivu, mwanangu. Ile suti niliipiga pasi mimi. Aliniambia anakwenda kwenye semina."

Nikamshika mkono.

"Yule kijana alipoona uso wangu akaelewa. Nikamwambia asikwambie. Nikamwambia harusi hakuna, atafute kazi nyingine. Niliogopa, mwanangu. Niliona atakuja siku ile, atamwona baba yako, atamsalimia kwa furaha mbele ya watu wote, 'Mzee, habari za bibi harusi?' Na wewe umevaa gauni! Nikasema bora zipotee picha, ibaki harusi."

Wiki zote zile! Mama anampikia baba. Anamfungia begi la "safari". Anachagua na mimi kitambaa cha nguo za harusi, ananiuliza rangi hii au ile... na hilo jambo liko kifuani peke yake. Na mimi namlilia picha!

Nilitaka kumpigia baba palepale. Akanipokonya simu.

"Huolewi kwa hasira. Uolewe kwanza."

Tulipotoka sebuleni, wifi alikuwa amechuchumaa anaokota vigae vya vikombe. Nilimfukuza, na yeye anatuokotea vikombe! Nikapiga magoti palepale kwenye chai.

"Wifi, nisamehe."

"Inuka, utajikata."

"Nilikudhania vibaya."

"Najua. Kaka aliniambia unalia, nikataka nikuletee jibu likiwa tayari. Na mimi siku ile ya utambulisho nilikuangalia vibaya." Akapangusa mkono. Hakuuliza chumbani tumeongea nini. Aliuliza kimoja tu. "Jicho anasubiri jibu. Arudi au asirudi?"

Nikasema, "Mwambie basi, tutatafuta mwingine."

"Arudi."

Tukageuka wote. Ni mama, mlangoni.

"Mama, una uhakika?"

"Arudi. Nimemkimbia kijana wa watu bure. Mimi nimefanya nini hata nijifiche?"

Siku ikafika.

Jicho alikuja asubuhi na mapema, kamera mbili shingoni, anakwepa macho ya mama kama mtu aliyevunja kioo cha jirani. Mama akamwekea chai. "Kunywa, mwanangu. Kazi ni nyingi."

Halafu baba akatokea, na suti mpya. Akamwona Jicho.

Ndugu zangu! Sijawahi kuona mtu mzima akigeuka haraka vile. Akarudi ndani ya gari. Akasema kasahau kitu. Tukamsubiri!

Kuanzia hapo ikawa vita ya kimyakimya. Jicho akielekeza kamera huku, baba kahamia kule. Mara chooni. Mara simu inaita, ambayo sisi hatuisikii. Aliponishika mkono kunipeleka kwa Mpole alitembea kainamisha uso, mashangazi wakasema, "Masikini, anamlilia binti yake." Mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Na mimi, sitawadanganya, nilimshika kwa nguvu. Ni baba yangu. Nilimpenda na nilitaka kumng'ata.

Tukafunga ndoa. Tukatia saini. Vigelegele.

Ikaja zamu ya picha za familia. Tumepangwa kwenye ngazi za ukumbi, watu wamejaa chini wanatutazama.

Mama akaniinamia sikioni.

"Umeshaolewa?"

Nikadhani nimesikia vibaya. "Nimeshaolewa, mama."

"Saini zote?"

"Zote."

"Haya."

Akashuka ngazi. Akaenda mpaka kwenye nguzo alipojibanza baba na simu yake sikioni. Akamshika mkono, taratibu, kwa heshima zote, akampandisha mpaka katikati.

"Kaka Jicho," akasema, sauti ya kusikika na watu wote, tena anatabasamu. "Mpange vizuri mume wangu. Wewe si ulishampiga picha akiwa bwana harusi? Anajua kusimama huyu."

Watu wakacheka! Shangazi yake baba akapiga makofi.

Halafu...

Kicheko kikaanza kukatika. Huku kimoja, kule kimoja. Watu wanamwangalia Jicho. Kijana mdogo vile. Baba na mama walipooana, huyu alikuwa hajazaliwa. Niliwaona wakipiga hesabu, sura baada ya sura. Shangazi mikono ikamgandia hewani.

Baba alikuwa ameloa shati.

"Angalia mbele, mume wangu," mama akamwambia. "Tunapigwa."

Jicho akabonyeza.

Baba aliondoka kabla chakula hakijaandaliwa. Hakuna aliyemshika. Mama? Mama alikula, akarudia sahani, kisha akacheza na wifi yangu mpaka viatu wakavitupa pembeni. Mpole ndiye aliyenishika bega wakati nalia nyuma ya ukumbi, maana nililia, msidhani mimi ni chuma.

Wiki iliyofuata baba alirudi, akakaa sebuleni, akakiri. Mke wa pili yupo, na ana ujauzito. Aliomba radhi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamwambia nguo zake ziko kwenye mabegi, na kwamba za kupigwa pasi hazijapigwa.

Watu wananiuliza wamerudiana? Hapana. Baba hupiga simu, mimi hupokea. Mama hajanikataza.

Najua mtakuja hapo chini kusema mama alikosea, angengoja harusi iishe. Semeni. Mimi ndiye bibi harusi na sikuona kosa. Alinisubiri mpaka saini ya mwisho, na kabla ya hapo alibeba peke yake mzigo usiokuwa wake, na mimi binti yake niko chumba cha pili nalilia mpiga picha.

Nilichojifunza ni hiki. Ukihisi umesalitiwa, uliza kwanza. Mimi nilimfukuza mtu aliyekuwa anahangaika kwa ajili yangu. Na wewe unayeficha aibu nyumbani kwako mpaka hulali, jiulize tu, hiyo aibu ni ya nani? Kama si yako, mrudishie mwenyewe.

Kuhusu Jicho, msinijazie ujumbe kuomba namba yake. Nimemuuliza jana.

Amejaa.