Viini vya Mkorosho Vilivyoyeyuka

Kipimo kilitoka Jumatatu, saa saba na dakika ishirini mchana, na hakikuonyesha kitu. Protini zote zilikuwa zimeoza. Saa tisa, mlinzi Bakari alikuwa kashafungwa pingu ndani ya maabara ya mikorosho, nje kidogo ya mji wa Lindi.

Inspekta Mwanahija hakutulia kitini. Alikwenda dirishani, akarudi mezani.

"Nieleze taratibu," alimwambia mtafiti Tekla.

"Tunakuza seli za mkorosho kwenye chupa, afande. Tunazipasua juu ya barafu, tunazizungusha kwenye mashine mpaka viini vyake vishuke chini, kisha tunatoa protini zilizomo. Zikipata joto, basi tena. Wiki sita za kazi! Wakulima wa Rutamba wanangoja kujua miche ipi inahimili ugonjwa. Jumamosi umeme ulikatika saa kumi jioni hadi saa tatu usiku, huyu hakuwasha jenereta."

"Dizeli ilikwisha, nikatoa taarifa," Bakari alisema. "Friza ina kufuli. Sijaigusa."

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na Leonadi," Tekla alijibu.

Leonadi, mtafiti mwenzake Tekla, aliitwa. Yeye na Tekla walikuwa hawasemeshani mwezi mzima.

"Mnagombana, na ufunguo unao," Mwanahija alimwambia.

"Tangu Ijumaa asubuhi nilikuwa Mchinga, msibani. Nimerudi leo."

Mwanahija akapiga simu Mchinga. Wafiwa wakathibitisha. Gari la kumpeleka Bakari mahabusu lilikuwa limeshafika. Akafungua friza, akatoa vijichupa kumi na kimoja vya protini vilivyosalia, akaviinua kwenye mwanga. Barafu ndani yake ilikuwa imeganda mshazari, upande mmoja imepanda hadi kwenye kifuniko.

"Tekla, uliviwekaje humu?"

"Nilivisimamisha kwenye kishikio, Ijumaa jioni. Hakuna aliyevigusa mpaka leo."

"Vingeyeyukia humu vikiwa vimesimama, barafu ingelala sawa. Hivi vimeganda vikiwa vimelazwa. Kuna aliyevitoa, akavirudisha. Mwenye ufunguo mmoja alikuwa Mchinga."

Tekla alishika ukingo wa meza.

"Ijumaa nilipigiwa simu, mwanangu kashikwa degedege," alisema. "Nikakimbia na koti la kazi, vijichupa vimo mfukoni. Nimevikuta Jumamosi asubuhi. Nikaja nikavitupia ndani ya friza, nikavisimamisha leo. Umeme ulipokatika nikaona Mungu kanisitiri. Ningesema nini kwa wakubwa? Kwa wakulima?"

"Ukaona bora aende yeye."

Mwanahija akafungua pingu. Bakari alisugua vifundo vya mikono, kisha akamgeukia Tekla.

"Mtoto kapona?"

"Kapona, kaka Bakari."

"Alhamdulillahi. Sasa hayo uliyoyasema humu, kayaseme getini. Mke wangu yuko pale, na mtaa mzima umeniona nikiitwa mharibifu wa kazi."

Tekla akavua koti jeupe, akaliacha juu ya meza, akatangulia kwenda getini.