Taa za Soraya

Emilienne aliangalia nyuma. Mulangoni hakukuwa na mutu.

Akagusa taa ya kwanza kwenye ekra, kioo cha mashine... ikazimika.

Ya pili. Ya tatu. Nyota juu ya nyumba. Mwezi. Taa za rangi zilizozunguka baraza, zote.

Kazi aliyofanya Soraya juma nzima, yeye aliizima kabla chai haijapoa.

Kisha akabonyeza, mashine ikaanza kupika picha ya mwisho, kuichora yote pole pole. Akajifunga kikwembe vizuri, akaenda soko kununua mikate kama mutu ambaye hajagusa kitu.

Ndugu zangu munaosoma, ninyi mutamuhukumu tu. Lakini kwanza musikie alifikaje pale.

Emilienne na bwana yake Placide wako na studio ya picha hapa Kasongo, karibu na soko. Picha za kadi, bashi kubwa za kutundika kwenye harusi, bashi za kilio. Placide anapiga picha, Emilienne anakaa kwa ordinatere, mashine ya kupangia picha.

Na kupanga, anajua! Anaunda nyumba ya matofali ndani ya mashine, anaiwekea meza, anaweka watu na vikwembe vyao, mpaka unatafuta jirani yako mule.

Kitu kimoja tu kilimushinda: mwangaza. Watu wake walikuwa wanang'aa kama sabuni.

Kabla ya Noeli, Padri François aliwaomba picha kubwa ya kuonyesha kwa projekta ndani ya sale, ukumbi wa parokia. Alitaka Noeli ya kwetu, bila teluji: matawi ya michikichi yamefungwa mulangoni, wali, samaki ya muto Lualaba, watoto na nguo mpya. Ikipendeza, parokia zingine nazo zingeagiza picha kwao mwaka muzima.

Emilienne aliipanga vizuri sana. Lakini ilikuwa imekufa.

Placide akamuleta Soraya.

Soraya ni mutoto wa familia ya Waislamu wa hapa mujini. Alitoka kusoma Goma, na kule mwangaza wa picha ndiyo ilikuwa kazi yake. Noeli si sikukuu yake, lakini amekua akila wali wa Noeli kwa majirani, kama majirani wanavyokula pilau kwao siku ya Idi.

Alikaa. Akaweka taa ya kwanza pembeni ya meza. Moshi wa wali ukaonekana unapanda. Mwanamuke mwenye sahani akawa kama anapumua.

Placide alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Akasema pole pole:

"Sasa picha iko na roho."

Basi, ni hayo tu aliyosema. Lakini Emilienne aliyabeba mpaka nyumbani, akalala nayo, akaamuka nayo. Kumbe miezi yote ile alikuwa anaunda maiti?

Kuanzia siku ile hakutaka tena kukaa karibu na Soraya, akaanza kuchunguza. Placide akimuletea Soraya chai, anaona. Placide akiinama kuuliza kitu, anasikia. Hata kwenye chakula, bwana anamega bugali huku anaeleza Soraya alisema nini juu ya kivuli. Emilienne alinusa mashati yake. Akapekua simu yake.

Hakupata kitu.

Na ubaya wa wivu uko hapo. Kukosa kitu hakukumutuliza. Kulimuzidishia.

Wanawake wa soko wakamalizia kazi. Walimupongeza eti studio yao sasa iko na fundi. Alicheka nao. Ndani, alikuwa anaungua.

Ikafika Ijumaa. Kesho yake ilikuwa siku ya kuonyesha. Placide alikuwa ametoka kutafuta esansi, mafuta ya grupu ile inayowapa umeme, kwa sababu kupika picha kama ile kunachukua muda murefu sana, na esansi waliyokuwa nayo ilitosha kupika mara moja tu. Soraya akavaa mutandio wake.

"Yaya, ninaenda kuswali. Kila kitu iko tayari. Utabonyeza tu."

Alimuita yaya, yaani dada yake mukubwa, akamuachia kiti. Alimuamini.

Yaliyofuata munayajua.

Siku ya kesho, walitundika mablanketi kwenye madirisha ya sale ili jua lisiingie. Mashine ilimaliza kupika wakati watu wamekwisha kujaa, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kuangalia picha mbele. Emilienne alichagua kiti cha mbele, karibu na kile cha Soraya. Alitaka kuona uso wa Soraya vizuri.

Placide akawasha projekta.

Ukuta ukawa mweusi.

Mutu akakohoa. Mutoto akauliza mama yake picha iko wapi. Emilienne aliuma midomo ili asicheke.

Halafu macho ya watu yakazoea...

Taa moja ilikuwa imebaki. Soraya alikuwa ameificha ndani ya jiko, nyuma ya nyumba, kwa kupatia moshi rangi kidogo. Emilienne hakujua kama iko.

Mwangaza wake ulitoka kwa mulango wa jiko, ukamugusa yule mwanamuke mwenye sahani kwenye shavu, ukagusa mukono wa mutoto, ukaishia kwenye pembe ya meza. Zaidi ya pale, giza. Lakini ndani ya giza ulisikia kwamba watu wako pale, wengi, wamekaa karibu karibu, wanangoja.

Watu wakainama mbele kwenye viti vyao.

Grâce, muuza samaki, akasimama. Yeye alikimbia kutoka kijiji cha Wamaza na watoto wakati wa vita. Alisema, huku machozi yanamushuka, kwamba mwaka ule walikula Noeli porini, muhogo mutupu, na taa waliificha nyuma ya majani ili wenye silaha wasiione. Alisema hakujua kama kuna mutu mwingine anayekumbuka mwangaza ule.

Wengine wakaanza kulia. Hata wanaume.

Padri François akaomba fundi wa mwangaza asimame. Makofi yakaanza kumuelekea Soraya.

Soraya alisimama, lakini macho yake yalikuwa bado kwenye ukuta.

"Padri, hii si kazi yangu. Mimi niliweka taa nyingi. Kuna mutu alizizima."

Placide akageuka, akamuangalia bibi yake.

Emilienne angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemuona. Lakini yale makofi... kusikia yale makofi yanaenda kwa kiti cha Soraya, hata kwa kosa, alishindwa.

Akasimama.

"Ni mimi."

Vigelegele! Wamama walimukumbatia. Padri alisema parokia imepata fundi wake.

Pale inje, Soraya alimungoja kando ya ukuta.

"Yaya, ulizima ili picha ipendeze, ao ulizima ili kuniharibia?"

Emilienne akaanza kufunga upya kikwembe chake. Soraya akaitika kwa kichwa, kama mutu aliyejibiwa, akaenda. Juma ile ile alihamia Nyangwe kwa baba yake mudogo Abdoul.

Sasa maombi yakaanza kuingia. Parokia ya Kabambare wanataka picha. Salamabila wanataka. Wote wanasema neno moja: kama ile.

Emilienne akakaa. Akazima zote, akaacha moja. Ikatoka nyeusi kama chungu. Akasogeza taa huku, akasogeza kule. Sabuni. Nyeusi. Sabuni tena.

Placide alikuja kusimama nyuma ya kiti chake, akamuuliza kama siku ile alijua anafanya nini.

Emilienne alimwambia yote.

Placide hakupiga kelele. Alikaa chini.

"Nilikuwa namuuliza kila siku ili nije kukufundisha," alisema. "Wewe mwenyewe ulikataa kukaa naye."

Emilienne alipanda pikipiki mpaka Nyangwe. Alimukuta Soraya katika duka la Abdoul, anauza kredi za simu. Alipiga magoti mbele ya wateja. Soraya alimuinua, akasema atarudi, lakini Emilienne aseme ukweli mbele ya watu wale wale waliomupigia makofi.

Alisema, Jumapili, kiisha misa. Hakuna aliyepiga makofi. Mpaka leo wako wanaomuita Mama Zima-Taa sokoni, naye anaitika.

Soraya amerudi. Viti vyao viko pamoja. Anamufundisha bila kuficha kitu, lakini hacheki naye tena, na Emilienne hajathubutu kumuomba acheke.

Ndugu yangu unayesoma, ukiona mwenzako anajua kile usichojua, vuta kiti ukae karibu yake. Wivu unaweza kuzima. Kuwasha haujui.

Na mukiniuliza Emilienne alipata azabu gani, nitawaambia: alipigiwa makofi kwa mwangaza ambao haukuwa wake. Hakuna kitu kilichomuuma kama yale makofi.